Sauti Niliyokawia Kuisikia

Mwezi huu sikukusudia kuwafundisha. Nataka kuungama jambo moja mbele yenu, kisha nitoe shukrani. Maana mambo hayo mawili kwangu yamefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja, wala siwezi kuutua upande mmoja na kuubeba upande wa pili.

Kila apitaye njia kuu itokayo Babati kwenda Singida huuona mlima Hanang, umesimama peke yake, kimo chake zaidi ya mita 3,400. Mji wa Katesh umekaa miguuni pake, na vijiji vingi pia. Wabarbaig wameuheshimu mlima huo tangu zamani za babu zao. Nasi tuliozaliwa chini yake tulizoea kuutazama kama mtoto amtazamavyo babu yake. Kwake tulipata vijito, kwake tulipata mvua na kivuli cha miti. Hakuna aliyewaza kwamba iko siku babu ataanguka juu ya wajukuu wake.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023, mvua kubwa ilinyesha. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katika kigango chetu padre haji kila Jumapili, kwa hiyo ni kazi yangu mimi katekista kuongoza ibada na kufafanua Neno. Nilikesha usiku ule nikitengeneza mahubiri yangu kwa mwanga wa taa. Injili ya siku ile ilitoka katika Marko, sura ya 13, nayo ni habari ya bwana aliyesafiri, akamwamuru bawabu akeshe, kwa kuwa hakuna ajuaye saa atakayorudi mwenye nyumba. Niliandika mafundisho matatu katika karatasi, nikayasoma tena na tena, nikayapenda. Mvua ilipopiga mabati kwa nguvu, nilisogeza taa karibu, nikaendelea.

Asubuhi na mapema nilisikia mngurumo kwa mbali. Nikasema moyoni, Ni radi. Nikavaa nguo zangu za Jumapili.

Saa tatu tukagonga kile chuma cha gurudumu ambacho ndicho kengele yetu, watu wakaingia wakiwa wamelowa, tukaanza. Nilikuwa katika fundisho la pili mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Akaingia kijana mmoja ninayemjua tangu utoto wake, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe hata akapata Komunyo ya kwanza. Tope lilikuwa limemfika mapajani. Hakuvua kofia, wala hakuchovya kidole katika maji ya baraka. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akaniambia, “Mwalimu, mlima umeshuka. Watu wa Gendabi wamefunikwa. Naomba watu na majembe.”

Nami nikamjibu, “Mwanangu, keti kwanza. Tumalize ibada, tuwaombee, kisha tutakwenda sote pamoja.”

Akanitazama. Hakunijibu neno. Akageuka, akatoka.

Ndugu zangu, mimi nikarudi katika karatasi yangu. Nikaendelea kuwafundisha watu maana ya kukesha! Nikawaambia kwamba Bwana huja saa tusiyoidhani, na ya kuwa heri yule atakayemfungulia mara moja. Maneno hayo yalitoka katika kinywa changu mimi, na nyayo za tope za yule kijana zilikuwa bado mbichi sakafuni mbele yangu.

Katika kigango chetu yuko bibi mmoja mjane, hajui kusoma, naye huketi daima karibu na mlango kwa sababu ya miguu yake. Nilipofika fundisho la tatu nikamwona akisimama. Akaivua kanga yake mabegani, akajifunga kiunoni kama mwanamke aendaye shamba, akasema kwa sauti ya upole, “Mwalimu, unisamehe. Mimi nimekwisha kusikia.” Akatoka katika mvua. Wanawake watatu wakainuka wakamfuata, kisha wanaume, kisha wote. Nikabaki na watoto na kile kitabu cha masomo. Hapo ndipo nilipokifunga. Ilikuwa yapata nusu saa tangu kijana yule aliposimama mbele yangu.

Hayo ndiyo maungamo yangu. Sasa sikieni na shukrani.

Tulipofika Gendabi sikuitambua nchi. Mahali palipokuwa na nyumba, ua na migomba, palikuwa na tope jeusi lililotanda kama ziwa, na ndani yake mawe makubwa kama ng'ombe, na magogo yaliyochunwa maganda, na mabati yaliyokunjwa kama karatasi. Watu waliokaa pale miaka yote hawakuweza kuonyesha mlango wao ulikuwa wapi. Baadaye tulisikia kwamba Katesh mjini, na Jorodom, na Ganana, mambo yalikuwa hayo hayo, na ya kuwa njia zilikuwa zimezibwa kwa tope, miti na mawe.

Je, ni nani waliotangulia kufika? Nawaambia niliyoyaona. Walitangulia majirani. Mtu aliyeokoka nyumbani mwake alianza kuchimba nyumbani kwa mwenziwe, huku bado anatetemeka. Wengine walichimba kwa jembe, wengine kwa sufuria, wengine kwa mbao, wengine kwa mikono mitupu hata kucha zikatoka damu. Walikuwako vijana waendeshao pikipiki za abiria, ambao sisi wazee huwasema vibaya kila siku kwa fujo zao njiani. Wao waliwapakia majeruhi bila kuuliza nauli. Walikuwako Waislamu, walikuwako Walutheri, walikuwako wazee wa Kibarbaig ambao hawajapata kuingia kanisa lo lote, wamevaa mashuka yao, wakiinua mawe kwa fimbo zao. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe husali wapi.

Kisha wakaja wale ambao kazi yao ni hiyo: askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, watu wa Msalaba Mwekundu, madereva wa mitambo ya kusukuma tope, waganga na wauguzi. Wengi wao hawakuwa wenyeji wa nchi hii, wala hawakuwa na ndugu chini ya tope lile. Waliingia humo humo, na mvua ingali katika mawingu, na mlima ungali juu ya vichwa vyao, hakuna aliyewahakikishia kwamba hautashuka mara ya pili.

Nitawasimulia jambo moja tu katika mengi ya siku ile, kwa kuwa ndilo lililonigeuza.

Tulikuwa tukichimba kwa makelele, kila mtu akipaza sauti, huyu analia, huyu anaamuru, huyu anaita jina la mtoto wake. Mara mtu mmoja akainua mkono juu akasema, “Nyamazeni!” Sikumjua, wala sikupata kujua jina lake hata leo. Waliokuwa karibu naye wakanyamaza, wakainua mikono yao pia, na kimya kikaenda kutoka mtu hata mtu, kama upepo upitavyo katika shamba la ngano. Akina mama waliokuwa wakilia wakajiziba vinywa kwa kanga. Yule mtu akalala kifudifudi, akaweka sikio lake katika tope.

Hatukusikia kitu ila maji. Akainuka, tukachimba tena. Mara ya pili tukanyamaza, hatukusikia kitu. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne tukasikia sauti ndogo, ngo, ngo, ngo, kama mtu agongaye bati kwa jiwe, nayo ilikuwa hafifu hata nikadhani ni moyo wangu mwenyewe unaogonga. Tukachimba mahali pale, polepole sasa, kwa mikono. Tukamtoa mwanamke mmoja, mguu wake umevunjika, kinywa chake kimejaa tope, hawezi kusema; lakini alikuwa hai, na jiwe lake dogo lilikuwa bado katika kiganja. Tukamlaza juu ya mlango uliong'oka, nami nikashika pembe moja ya mlango ule mpaka garini.

Tukarudi. Tukanyamaza tena mahali pengine, na pengine. Huko wengi tuliowatoa walikuwa wamekwisha kupumua mara ya mwisho. Hao sitawasimulia. Mnawajua, na wengi wenu mmewazika. Hesabu ya waliokufa katika maafa yale ilifika watu 89.

Usiku ule, nilipokuwa nikiosha tope, nilimkumbuka nabii Eliya. Sisi walimu tumeifundisha habari yake mara nyingi. Alisimama juu ya mlima Horebu, ukapita upepo wenye kupasua miamba, na Mungu hakuwa katika upepo ule. Likaja tetemeko la nchi, na Mungu hakuwamo. Ukaja moto, na Mungu hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo, tulivu, ndipo Eliya akaufunika uso wake. Kwa miaka yangu yote ya kufundisha nilidhani ya kwamba sauti ile ni ya mtu aliyejifungia chumbani peke yake na kitabu chake. Sasa naisoma habari ile na kuona neno ambalo nilikuwa nikiliruka. Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini mahali pale, kisha akamrudisha njiani, kwa watu. Sauti ile ndogo haikumwacha aketi mlimani.

Mungu hakuwa katika tope la Hanang. Hilo naliamini. Lakini palipokuwa na watu mia wameziba vinywa vyao wasikie kama yuko mtu anayegonga bati, hapo nilijua ya kwamba nimesimama mahali patakatifu kuliko kigango changu cha asubuhi ile. Kumsikiliza Mungu, ndugu zangu, si kujifunza maneno mengi juu yake. Ni kunyamaza kwa ajili ya mwingine, na kuinuka mara usikiapo. Bibi yule mjane alilijua hilo bila kusoma. Mimi nilisoma nisilijue.

Katika siku zilizofuata watu walinijia na swali. Walisema, “Mwalimu, ni dhambi ya nani iliyoangusha mlima?” Wengine waliwataja jirani zao kwa majina. Wengine walikumbuka mambo ya kale, tulipoogopa pepo wakaao katika vijito, wakasema labda wamekasirika kwa sababu tumewaacha. Nayaandika hayo waziwazi, kwa kuwa najua ya kwamba yamesemwa hata katika nyumba za Wakristo.

Jibu langu ni lile la Bwana wetu mwenyewe, alipoambiwa habari za maafa. Aliwakumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wakaao Yerusalemu. Akawageuzia waulizaji uso wao wenyewe, ili kila mtu atubu lake. Basi wafu wetu wa Gendabi na Katesh msiwahukumu. Walikuwa wamelala vitandani mwao kama ninyi.

Tena mtu asiogope kusikia wasemavyo wataalamu wa miamba. Wao walipouchunguza mlima walieleza ya kwamba haukutoka moto ndani yake. Sehemu ya ubavu wake yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikawa nzito, ikamegeka. Tope likashuka kwa njia ya vijito, likizoa mawe na miti mpaka katika makazi ya watu. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza, tangu mwezi wa Agosti 2023, kwamba mvua za vuli mwaka ule zitakuwa nyingi kwa sababu ya El Niño. Aliyewapa hao akili ya kupima mawe na mawingu ni Mungu yule yule tumwombaye. Wakitupa onyo, tusilifanye kama nilivyomfanya yule kijana, tukaliambia likae kwanza.

Mnauliza, nami nilifanya nini na dhambi yangu? Nilikwenda kwa padre. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea, akanipa kitubio ambacho sikukitazamia. Akasema, “Kwanza, umtafute kijana. Pili, uweke majembe kanisani.”

Nikamtafuta. Nilimwona katika shule iliyogeuzwa kuwa kambi ya waliopoteza nyumba, akigawa maji kwa kikombe. Nikamwomba radhi mbele ya watu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, mdogo wangu tulimpata jioni.” Sikuwa na la kusema. Hakuniambia ya kwamba nusu saa yangu ndiyo iliyomwua, wala hakuniambia ya kwamba siyo. Nimeibeba nusu saa ile tangu siku hiyo, nami sitaki aje mtu kunipunguzia uzito wake kwa maneno mazuri. Lakini alinipa kikombe, akaniambia, “Upande ule hawajapata maji, Mwalimu.” Nikaenda upande ule. Huo ndio msamaha alionipa, nami niliupokea kwa mikono miwili.

Leo, nyuma ya mlango wa kigango chetu, kuna majembe sita, mabeleshi manne, kamba ndefu, taa, na machela mbili tulizozishona kwa magunia. Ufunguo wa kabati ile hukaa kwa kijana yule, wala si kwangu. Na kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, kabla ya Injili, tunanyamaza sote kwa muda. Watoto hawaelewi sana. Bibi yetu huwaambia, “Tunasikiliza kama yuko mtu anayetuita.”

Wasomaji wapenzi, waliopoteza nyumba wengi walijengewa nyumba mpya huko Waret, wakakabidhiwa mwezi wa Desemba 2024. Tunashukuru sana. Lakini shukrani kwa wale waliofika siku ya kwanza haimalizwi kwa nyumba, wala kwa hotuba. Nawaomba mambo machache, nayo ni ya kufanyika nyumbani kwenu wiki hii.

Wafundisheni watoto namba ya kuwaita watu wa Zimamoto na Uokoaji, yaani 114, waijue kwa moyo kama wajuavyo Baba Yetu. Jueni ni jirani gani mzee alalaye peke yake, ili usiku wa mvua asisahauliwe. Msijenge katika mkondo wa kijito kwa kuwa umekauka. Maji hayasahau njia yake. Mkimwona askari wa zimamoto, au muuguzi arudiye kutoka zamu ya usiku, au mtu wa Msalaba Mwekundu, msimpite kimya. Mwambieni asante, hata kama siku ile hakuwa kwetu, maana mwenziwe alikuwako. Na jioni, katika sala ya nyumba nzima, baada ya kuwaombea wafu wetu, watajeni hawa walioinuka kabla ya kuulizwa, na wale wasio na jina kwetu, kama mtu yule aliyeinua mkono wake akasema tunyamaze.

Nanyi walimu wenzangu, mnaokesha usiku mkiandika mahubiri, sikilizeni neno la mwenzenu aliyejikwaa. Mlango ukifunguliwa katikati ya fundisho lenu, na mtu akaingia na tope miguuni, msitafute mahali mlipoishia kusoma. Fungeni kitabu. Huenda ndiye Bwana amerudi kutoka safarini, saa tusiyoidhani.

Wasalaam. Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,

Katekista wa Hanang